Nyumba za Ukutani

Jumatatu, siku moja baada ya mashindano kufungwa, lori la manispaa lilikuja kuchukua maua. Vibarua wanne waliyang'oa moja moja kwenye vyungu, wakavipanga vyungu kwa ukubwa, wakaondoka. Saa nne likaja lori jingine kuchukua bendera. Saa sita walifika mafundi bomba, wakafungua zile koki mbili zilizowekwa kando ya barabara kuu kwa ajili ya wageni, wakaziba mabomba kwa vizibo vya chuma na kuzitumbukiza koki kwenye gunia. Miti nayo iliondoka. Ilikuwa ya kukodi, na mizizi yake bado ilikuwa imefungwa kwenye mifuko.

Fundi Rangi alitazama yote hayo akiwa amekalia ndoo tupu penye upenyo wa ukuta, chai mkononi. Ilikuwa kama siku ya pili ya harusi, pale wenye turubai wanapokuja kuchukua turubai lao na wenye viti wanapotafuta viti vyao. Kitu kimoja tu hakikuchukuliwa, nacho ni ukuta, kwa sababu haukuingia kwenye lori.

Ukuta ule ulikuwa na urefu wa mita mia sita, kutoka darajani hadi kona ya kuingilia uwanja wa michezo. Manispaa iliujenga ili wageni wanaotoka uwanja wa ndege wasiuone mtaa. Ulipokwisha, wakubwa walipita na gari wakasema unafanana na jela. Ndipo akatafutwa mchoraji. Fundi Rangi alikuwa na miaka hamsini na mbili, na alikuwa amechora vibao vya nusu ya mji: vinyozi, mabucha, maduka ya dawa, "Usikojoe Hapa". Msimamizi wa kazi, mtu mnene mwenye kofia ngumu ya plastiki, alimwambia achore nyumba nzuri, na juu yake aandike kwa herufi kubwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

"Nyumba ngapi?" Fundi aliuliza.

"Nyingi. Jaza ukuta."

Fundi hakuwa mtu wa kubuni mambo. Aliacha shule darasa la tano, na tangu hapo alichora kile alichoambiwa na mwenye duka. Kwa hiyo alifanya alivyozoea, akatafuta wateja. Ili kupata nafasi ya ukuta na njia mbili za ziada za barabara, tingatinga lilikuwa limebomoa safu mbili za nyumba za mtaa, nyumba mia moja na arobaini. Kila familia ilipewa karatasi yenye muhuri, ikisema itapewa nyumba mashindano yakiisha. Fundi aliwafuata watu wale mmoja mmoja, huko walikokuwa wamejibanza kwa ndugu na marafiki, akamwuliza kila mmoja angependa nyumba ya namna gani. Aliona ni heshima. Muuza mkaa alitaka paa la vigae. Mwalimu mstaafu alitaka madirisha manne, na rafu ya vitabu ionekane kwa ndani. Mama mmoja mwenye watoto sita alitaka kizingiti kirefu, maji ya mvua yasiingie. Fundi aliandika kila kitu kwenye daftari, akachora nyumba mia moja na arobaini, wala si zaidi.

Ya dada yake aliichora mwisho kabisa, pale ukuta ulipoishia, kwa sababu si adabu kumtanguliza ndugu yako mbele za watu. Mlango wa buluu, pazia la maua madogo, dirisha moja kubwa la kushonea.

"Mwanga utoke kushoto," dada alimwambia. "Nikishona, kivuli cha mkono kisiangukie sindano."

Basi Fundi akachora mwanga ukitoka kushoto, mwanga wa saa tisa alasiri, na kwa kuwa ukuta mmoja hauwezi kuwa na majua mawili, alirudi nyuma akazipa nyumba zote mwanga wa saa tisa.

Dada huyo alikuwa fundi cherehani, mjane, akimzidi Fundi miaka minne. Tangu tingatinga lilipopita alikuwa akiishi katika chumba cha Fundi, nyuma ya shuka iliyotundikwa kwenye kamba, yeye na cherehani chake. Mke wa Fundi hakuwa mtu mbaya, lakini chumba kilikuwa kimoja.

"Wifi, hiki cherehani chako kinachukua nafasi ya watu wawili," alisema kila alipofagia.

"Niletee hao watu wawili niwapime. Huenda wanahitaji sare."

Walitaniana hivyo mwaka mzima na miezi miwili, na kila mwezi utani ulipungua sukari.

Wa kwanza kuhamia ukutani alikuwa paka. Wiki ya pili baada ya mashindano, paka wa muuza mkaa aliruka kwenye dirisha la nyumba ya bwana wake, namba nane, ambalo Fundi alilichora likiwa wazi kwa kusahau, akajikunja juu ya mto uliochorwa ndani. Muuza mkaa alimwita kwa kichwa cha samaki. Paka alimtazama, akapiga miayo, akabaki palepale. Alikuwa amekuwa bapa kama kila kitu cha ukutani, lakini mkia wake ulicheza.

"Amepata pa kulala," watu walisema. "Mnyama ana akili kuliko sisi."

Siku tatu baadaye dirisha la namba nane lilikutwa limefungwa. Fundi alilikagua. Hakuwa amelifunga yeye, lakini rangi ilikuwa yake na mistari ilikuwa ya mkono wake, hivyo hakuwa na la kulalamikia.

Habari zikafika ofisi ya nyumba ya manispaa. Akaja mpimaji na mkanda wake, akapima upana na kimo cha kila nyumba, na kwenye sehemu ya kina akaandika "haijulikani, inatosha". Aligonga milango mitatu, akasikiliza mwangwi, akasema ndani ni pakavu. Wiki iliyofuata akaja karani wa nyumba, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, akiwa na rejista na sanduku la funguo. Alihesabu milango kwa ncha ya kalamu, akitembea, kisha akahesabu majina kwenye rejista akiwa amesimama.

"Mia moja na arobaini," alisema. "Na huku mia moja na arobaini. Nimefanya kazi manispaa miaka kumi na tisa, sijawahi kuona mradi usiopungukiwa hata nyumba moja."

Fundi alikuwa amesimama kando, brashi kwapani. Alitazama chini.

Hakuna aliyelazimishwa. Karani alieleza kwamba asiyechukua ufunguo atakuwa amekataa kwa hiari yake, na jina lake litahamishiwa kwenye orodha ya waliokataa, orodha ambayo haikuwa na ofisi inayoishughulikia. Watu wakapanga foleni.

Dada alifunga nguo zake ndani ya ile shuka iliyokuwa pazia lake. Mke wa Fundi alimbebea kichwa cha cherehani mpaka ukutani.

"Mbona kimya, wifi? Leo si ndiyo sikukuu yako?"

"Nakaza mdomo nisicheke."

Hakuwa na dalili ya kucheka.

Dada alitia ufunguo kwenye tundu la mlango wa buluu, akazungusha mara mbili, mlango ukafungukia ndani. Ilibidi apite kiubavu. Fundi alikuwa ameichora milango midogo kidogo, ili nyumba zionekane nyingi kwa mtu aliye ndani ya basi linalokimbia. Cherehani kilipita, meza yake haikupita. Mlango ukajifunga, na baada ya muda dada akatokea dirishani, bapa, katika gauni lake la kahawia, ameelekeza uso kwenye mwanga.

"Kukoje?" Fundi aliuliza.

"Pakavu." Sauti yake ilipita kwenye kioo ikiwa nyembamba, kama ya mtu anayeongea ndani ya debe. "Na kimya. Nina mlango wangu, mdogo wangu. Nenda kapumzike."

Siku za mwanzo mtaa mzima ulipita ukutani kutembelea. Walisimama mbele ya madirisha, kwa kuwa aliyewatazama wenye nyumba kwa pembeni hakuwaona. Mwalimu mstaafu alikuwa na vitabu vyake, ingawa vyote vilikuwa migongo mitupu. Wale watoto sita walipanga vidole vyao kwenye kizingiti cha dirisha kama funguo za kinanda. Watu walikubaliana kwamba mashindano yamefaa kitu. Penye upenyo manispaa ilisimamisha kibao, na kazi ya kukiandika alipewa Fundi: AHADI IMETIMIZWA.

Ijumaa mwalimu mstaafu alikuwa na miadi hospitalini kuhusu macho yake. Alivaa koti, akaenda mlangoni, akapapasa kwa muda, akarudi dirishani.

"Fundi," alisema kwa upole, kama anayesahihisha daftari, "huku ndani mlango hauna kitasa."

Ilikuwa kweli. Fundi alikuwa amechora vitasa mia moja na arobaini, vingine vya rangi ya shaba, kimoja chenye kichwa cha simba kwa kuwa mwenyewe aliomba. Vyote kwa nje. Katika kazi ya vibao huchori upande ambao mteja haoni. Ukichora chupa ya dawa, huchori mgongo wa chupa. Alikuwa amefanya kazi hivyo miaka arobaini, na hakuna bucha hata moja iliyolalamika. Kwa nje kitasa kilizunguka, lakini bila ufunguo mlango haukukubali, na funguo zote zilikuwa ndani na wenyewe, ambako hakukuwa na tundu la kuzitia. Madirisha yalikuwa yamechorwa yamefungwa. Hiyo ilikuwa amri ya msimamizi, aliyesema dirisha wazi linamwonyesha mgeni vumbi.

Dada hakushtuka. Alisema saa tisa si saa ya kwenda popote, na kweli kule ndani ilikuwa saa tisa wakati wote. Hakuna aliyeona njaa, kwani chakula cha mchana kilishapita na cha jioni kilikuwa bado. Mke wa Fundi alipeleka sahani siku tatu mfululizo, akaiweka chini ya dirisha, akairudisha ilivyo.

"Umesusa chakula changu, wifi?"

"Nakitaka sana. Tumbo ndilo linasema saa bado."

"Mwaka mzima ulisema chumvi imezidi."

"Ilikuwa imezidi."

Mke wa Fundi alibeba sahani yake akarudi nyumbani, na huko akakaa akaitazama mpaka ikapoa.

Alichotaka dada hakikuwa chakula. Binti yake pekee, aliyeolewa mji mwingine, alikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi minane. Dada alikuwa amemwahidi kwamba mtoto akizaliwa, atakayemwogesha ni bibi yake.

"Nitoe kabla hajajifungua," alimwambia Fundi. "Nikishamwogesha mtoto nitarudi. Nyumba siikatai. Nataka kutoka na kurudi kama mtu yeyote mwenye nyumba."

"Nitakutoa."

"Usiseme kama manispaa. Sema siku."

Fundi alikwenda ofisi ya nyumba, akakaa kwenye benchi ambalo mguu wake mmoja ulikuwa tofali, siku nne, mpaka zamu yake ikafika. Karani alimsikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha akafungua kabati akatoa fomu ya matengenezo.

"Kitasa ni matengenezo madogo," alisema. "Hakina ubishi. Mwenye nyumba aje mwenyewe atie saini mbele yangu."

"Hawezi kuja. Ndiyo sababu tunataka kitasa."

"Naelewa. Akishapata kitasa, aje."

"Akishapata kitasa hatahitaji fomu."

Karani alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake, polepole, kioo kimoja baada ya kingine.

"Kaka yangu," alisema, "mama yangu mimi yuko namba tisini na sita. Unadhani sijaijaza hii fomu?"

Karani akavaa miwani, akaita mtu mwingine.

Siku ya pili yake, mchana wa jua kali, Fundi alibeba kopo la rangi ya buluu na lingine la rangi nyeusi akaenda kwenye nyumba ya dada yake. Alikuwa amepanga kuuchora ule mlango ukiwa wazi. Tatizo la kwanza lilikuwa mlinzi, kwa sababu manispaa ilikuwa imetangaza kwamba ukuta ni kumbukumbu ya mashindano, na ni kosa kuugusa. Mlinzi alikuwa mtu wa mtaani hapohapo.

"Mimi sasa naangalia magari," mlinzi alisema. "Yakipita mia mbili nitageuka. Sihesabu pikipiki."

Fundi akapaka. Rangi ilitelemka. Akapaka tena, ikatelemka, ikatengeneza dimbwi la buluu miguuni pake. Hakuhitaji kuambiwa sababu. Rangi ya ukuta ule ilikuwa imeagizwa kwa ajili ya mashindano, na dhamana yake ilisema kwamba kwa miaka ishirini na mitano hakuna kitu kitakachoishika, si vumbi, si bango, si kinyesi cha ndege, si rangi nyingine. Msimamizi alitaka ipakwe mara mbili. Fundi ndiye aliyeipaka mara tatu, ili kazi yake idumu.

Akatoa msasa. Alipokwangua mara ya kwanza pembeni mwa mlango, dada alishika ubavu.

"Dada?"

"Endelea."

Akakwangua tena. Bega la gauni la kahawia la dada lilififia, na bega lenyewe likafifia nalo, na nyuma yake saruji ikaanza kuonekana.

"Mpaka huo mlango utoboke," dada aliuliza, "mimi nitakuwa nimebaki kiasi gani?"

Fundi alipima kwa jicho, kama anavyopima ukuta kabla ya kutaja kiasi cha rangi.

"Nusu."

"Nusu ya mtu haiwezi kumshika mtoto mwenye sabuni," dada alisema. "Weka msasa wako."

Magari yalikuwa hayajafika mia mbili. Mlinzi aliendelea kuangalia barabara.

Mtoto alizaliwa wiki tatu baadaye, mvua zilipoanza. Alipotimiza siku arobaini mama yake alimleta. Mumewe alikuwa amekwenda kutafuta kazi na bado hakuwa amesema wapi. Binti alisimama mbele ya dirisha chini ya mwavuli ulioshikwa na Fundi, akafunua kitambaa, akamwinua mtoto mpaka kwenye kioo. Dada alisogea. Alimtazama mtoto, akavua mkanda wa kupimia aliokuwa amevaa shingoni, akaunyoosha upande wake wa kioo, kutoka kisigino hadi utosi.

"Ni mrefu," alisema. "Pua ni ya mjomba wako. Pole yake."

"Mama, toka umshike."

"Leo hapana. Nani anamwogesha?"

"Mimi."

"Unashika shingo?"

"Nashika."

"Unaanza na kichwa au miguu?"

Binti alifikiri. "Kichwa."

"Miguu," dada alisema. "Aanze kuyazoea maji kwa miguu. Nilitaka nikuonyeshe mwenyewe."

Binti hakurudi kule alikoolewa. Alibaki katika chumba cha Fundi, nyuma ya shuka nyingine, na kila siku baada ya mvua alimpeleka mtoto dirishani. Mtoto alianza kukohoa mwezi wa pili. Paa la Fundi lilikuwa linavuja sehemu saba, na walikuwa na sufuria nne.

Kisha mji ukapewa mashindano mengine. Yalikuwa madogo kuliko ya kwanza, ya mchezo ambao watu wa mtaa hawakuujua sheria zake, lakini yalihitaji maegesho. Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya umeme, kwa kuwa ukuta haukushika bango. Mtaa wote uliobaki ungesawazishwa ndani ya miezi miwili. Ukuta ungeongezwa mita mia tatu.

Msimamizi alirudi na kofia yake ileile. Alitembea ukutani mikono nyuma, akapunga mkono kwa mwalimu mstaafu, ambaye alimpungia pia.

"Hawa watu ulivyowachora, Fundi," alisema. "Utadhani wanapumua."

"Wanapumua."

"Ndicho ninachosema." Akatoa karatasi. "Sasa nataka themanini na nane zaidi. Manispaa imependa sana ule utaratibu wako wa kwanza."

"Tafuta mtu mwingine."

Msimamizi hakukasirika. "Yupo. Anachora haraka kuliko wewe. Ila yule hapendi madirisha, anasema yanamchelewesha."

Fundi alikaa na maneno hayo usiku mmoja na nusu siku, kisha akachukua kazi.

Akaifanya kwa namna yake. Milango aliichora ikiwa wazi upana wa kiganja, na kwa ndani, pale mwanga wa saa tisa ulipogusa ubao, alichora kitasa. Vitasa themanini na saba, na vyote vilionekana. Nyumba moja tu haikuwa na kitasa. Ilikuwa namba mia moja arobaini na moja, iliyogusana na ya dada yake, na kwenye rejista iliandikwa jina la binti na mtoto.

"Ya mwanangu usiitie mlango kabisa," dada alikuwa amemwambia. "Chora maua, chora unachotaka. Mlango usichore."

Msimamizi alipokuja kukagua alisimama kwanza mbele ya ile isiyo na mlango.

"Umesahau mlango hapa."

"Sikusahau."

"Na hii mingine mbona iko wazi? Mlango wazi ni kama watu wamehama. Mgeni akiona hivyo ataanza kujiuliza wamekwenda wapi."

Fundi alisema hawezi kuifunga. Msimamizi alimpiga bega kirafiki, akasema amechoka, apumzike. Kesho yake akaja yule mchoraji mwingine na ngazi ya aluminiamu. Rangi ilikuwa bado mbichi, na rangi mbichi ilipokea. Alifunga milango themanini na saba kwa siku mbili. Ule wa themanini na nane aliuchora kwa robo saa, rangi ya kijani, akipiga mluzi, na kitasa akakiweka kwa nje. Alikuwa mtu wa vibao, kama Fundi.

Tingatinga lilifika Jumatano asubuhi, likaanzia upande wa pili wa mtaa. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Karani alisimama chini ya mwavuli na sanduku lake la funguo, watu wakasimama mbele yake na magodoro kichwani. Binti wa dada alikuwa wa kwanza. Mtoto alikuwa amefungwa mgongoni chini ya kipande cha nailoni, akikohoa na kulia kwa zamu.

"Usiingie," Fundi alimwambia. "Ngoja tutafute pengine."

"Wapi, mjomba?"

Fundi alitazama kushoto, akatazama kulia. Chumba chake kilikuwa kimebaki ukuta mmoja, ule wenye msumari wa shuka.

"Ndani hakunyeshi," binti alisema, kama anayemfariji. "Na nitakuwa jirani na mama."

Akapokea ufunguo. Dada alikuwa amesimama dirishani kwake, viganja viwili kwenye kioo, anasema jambo, lakini tingatinga lilikuwa limekaribia na sauti haikufika. Mlango wa kijani ulifunguka, binti akamhamisha mtoto kutoka mgongoni hadi kifuani ili apate kupita kiubavu, mlango ukajifunga.

Tingatinga lilipozimwa kwa ajili ya mapumziko ya chai, kilio cha mtoto kilisikika ukutani. Kilitoka kwenye dirisha la binti, na kilitoka pia, chini kidogo, kwenye dirisha la dada. Dada alikuwa ameondoka kwenye kioo. Alikuwa amesimama pembeni kabisa mwa chumba chake, sikio kwenye ukuta wa upande ule, anagonga kwa kifundo cha kidole, polepole. Mtoto alinyamaza kidogo. Alipoacha kugonga, mtoto akaanza tena.

"Unamsikia?" Fundi aliuliza.

"Namsikia. Anataka kuogeshwa maji ya moto, alale."

"Humo sikuchora jiko."

"Najua," dada alisema. "Na mimi huku sikukwambia unichoree." Akarudi kugonga.

Karani alifungua ukurasa, akaita mia moja arobaini na mbili. Mke wa Fundi aliinua godoro kichwani. Mlinzi alimsogelea Fundi, akampapasa mifuko, akatoa brashi mbili, msasa na kopo dogo la rangi nyeusi, akaviweka chini karibu na buti zake.

"Samahani, Fundi. Ni sheria mpya, vifaa vya rangi haviingii."

"Sawa."

"Nitakutunzia."

"Sawa," Fundi alisema, akachukua sufuria nne zilizokuwa zimepangana, akamfuata mkewe.